Chumvi Inafanya Nini Ndani ya Sabuni ya Maji?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi hutengeneza sabuni ya maji hapa Kisauni kwa ungerol (malighafi nzito inayotoa povu) na chumvi. Nikitumia maji ya mfereji, sabuni hushika vizuri. Juzi mfereji ulikauka, nikatumia maji ya kisima kwa kipimo kilekile cha chumvi, nayo ikatoka nyepesi kama uji wa mgonjwa. Nilipoongeza chumvi ikazidi kuwa nyepesi. Chumvi inafanya nini hasa humo ndani?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Visima vingi vya pwani yetu vina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo inaelekea mchanganyiko wako ulikuwa na chumvi kabla hujatia hata kijiko kimoja, na ile uliyoongeza ikapitiliza kiwango.

Chumvi peke yake haiyafanyi maji kuwa mazito kwa kiasi cha kuonekana. Maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo, yanazidi maji safi kwa mnato, yaani ugumu wa kumiminika, kwa takriban asilimia 8 tu katika nyuzijoto 20. Tena si kila chumvi huongeza mnato: ayoni ya sodiamu (chembe yenye chaji ya umeme itokayo kwenye chumvi ya kawaida) ni ndogo na huyashika kwa nguvu maji yaliyo jirani yake, hivyo huyachelewesha, ilhali ile ya potasiamu ni kubwa zaidi na mshiko wake ni dhaifu, hata kloridi ya potasiamu huupunguza kidogo mnato wa maji katika joto la kawaida.

Uzito wa sabuni una chanzo kingine. Molekuli ya ungerol ina kichwa chenye chaji hasi kinachopenda maji, na mkia wa mafuta unaoyakimbia, na molekuli hizo hujikusanya katika vifungu vidogo vya mviringo, mikia ikiwa ndani na vichwa nje. Vichwa hivyo husukumana. Ayoni za sodiamu zinapojipanga kandokando yake hupunguza msukumano huo, vichwa vikakaribiana, na vifungu vikarefuka vikawa nyuzi ndefu zinazopindana na kusokotana. Hapo ndipo sabuni inaposhika. Chumvi ikizidi, nyuzi huota matawi, na maungio ya matawi hayo huweza kuteleza kando ya uzi, kwa hiyo msokotano hulegea na mnato hushuka. Kalsiamu na magnesiamu, ambazo hupatikana kwa wingi katika maji magumu ya visima, zina chaji mbili kila ayoni, na huifikisha sabuni huko kwa kiasi kidogo zaidi.

Jambo ninalotamani kila mtengenezaji alifahamu ni kwamba ndani ya sabuni iliyoshika, ayoni huendelea kwenda karibu kama kawaida, kwa sababu katikati ya nyuzi kuna maji mepesi, na umeme hupita humo vizuri hata kama sabuni yenyewe inatoka chupani kwa shida. Gliserini haiko hivyo. Katika nyuzijoto 20 mnato wake ni kama mara 1,400 ya ule wa maji, na kila molekuli imeshikwa na jirani zake, hivyo ayoni haina budi kungoja wasogee ndipo ipite. Mwanakemia Paul Walden alieleza mwaka 1906 kwamba, kwa makadirio, kadiri mnato unavyopanda ndivyo upitishaji umeme wa ayoni unavyoshuka. Kanuni hiyo huelekeza vizuri katika gliserini. Katika sabuni yako itakupotosha.

Kwa ndoo iliyoharibika, chota glasi moja, uichanganye na ungerol uliolainishwa kwa maji ya mfereji yasiyotiwa chumvi, na uone kama inashika kabla ya kugusa ndoo nzima. Siku nyingine, yeyusha chumvi pembeni, itie kijiko kwa kijiko, na uache ingali inaendelea kushika. Upime ikiwa imepoa, maana joto la adhuhuri nalo hushusha mnato, ukadhani chumvi haijatosha.