Jibu: Rekodi yako ya konseto ya Ligeti ni nzima

Ndugu, umeuliza kama rekodi yako ya Hamburg Concerto, konseto ya pembe na okestra, imeharibika, maana pembe zinalia kama zimepotoka. Hapana, ni nzima kabisa! Mtunzi György Ligeti, aliyeiandika mwaka 1998 na 1999, aliweka nyuma ya mpigaji mkuu wa pembe pembe nne za shaba zisizo na vali, yaani vitufe vya kubadili urefu wa bomba. Pembe ya namna hiyo hutoa sauti za asili za bomba lake tu, zinazopangwa kwa namba kutoka ya chini kabisa kwenda juu. Kwenye pembe ya do, sauti ya 11 huangukia kati ya fa na fa diezi, mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Katika fanfari ya parokia yetu hapa Lubumbashi tulifundishwa kurekebisha sauti kama hizo kwa midomo. Ligeti anaziacha zilie. Isikilize tena usiku, mji ukitulia. Pembe zote zikiingia pamoja, mimi husisimka mwili mzima.