Maswali Yenu: Huyu Risiva wa Chuo Atatoboa NFL?

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya marisiva, wale wadakaji mipira wa futiboli ya Kimarekani, na kama watafika NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani. Nusu yenu mmeuliza kitu kilekile, mbio za yadi 40 (kama mita 37). Twende.

Kijana wa chuo chetu kakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.3 na kitu. Si lazima aende raundi ya kwanza ya drafti?

Hapana. Na jamani naomba hili swali lipumzike, kila kombaini ya Indianapolis, yale majaribio ya mbio na nguvu ya wachezaji wa vyuo, ikiisha naletewa hilohilo. John Ross alikimbia 4.22 mwaka 2017, ikawa rekodi, Bengals wakamchukua wa 9 kwenye drafti, pale timu za NFL zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, msimu wake wa kwanza hakudaka hata mpira mmoja. Mwaka 2009 Raiders walimchukua Darrius Heyward-Bey wa 7 sababu ya mbio, wakamwacha Michael Crabtree ambaye hakukimbia kabisa kwa kuwa mguu ulikuwa unamsumbua, akaenda 49ers wa 10, na Crabtree ndiye aliyedaka mipira mingi. Upande wa pili kuna Cooper Kupp, 4.62, chuo cha Eastern Washington ambacho wengi wenu hamkuwahi kukisikia, kachukuliwa wa 69, halafu 2021 akaongoza ligi nzima kwa mipira aliyodaka, yadi na tachidauni, yale mabao ya pointi sita. Davante Adams naye 4.56, wa 53.

Sisemi spidi haina kazi, inamfanya kona, beki anayemkaba risiva, arudi nyuma na hiyo ni faida kubwa. Ila mimi naangalia breki. Risiva anakula kwa kusimama ghafla kwenye yadi ya 12 na kugeuka, sasa mtu wa 4.3 anayehitaji hatua tano ndo asimame, kona wa NFL anamsubiri palepale.

Nakutumia video yake ya dakika nne, kila mpira tachidauni. Unamwonaje?

Sijamwona bado. Hiyo ni mipira aliyodaka tu. Nitumie mechi nzima, hasa ile ambayo hakurushiwa kitu, nione anakimbiaje rauti, ile njia aliyopangiwa, akijua mpira hauji kwake.

Yadi 1,200 msimu mmoja, ni nyingi au za kawaida?

Swali zuri ila halijakamilika. Kati ya yadi ngapi za timu? Yadi 1,200 kwenye timu inayorusha mpira mechi nzima si sawa na 1,200 kwenye timu inayokimbiza mpira, kwa hiyo kwanza tafuta fungu lake: katika yadi zote za hewani yeye kala asilimia ngapi. Pili, ana miaka mingapi? Hapa ndo watu wengi wanapigwa, kwa sababu ule mwaka wa ziada wa kucheza uliotolewa kwa ajili ya Kovidi na hii potali ya uhamisho wa chuo hadi chuo vilijaza vyuo watu wa miaka 23 na 24 waliocheza na watoto waliotoka high school juzi, lazima wangeonekana wakubwa. Aliyetawala akiwa na miaka 19 namwamini kuliko aliyeamka mwaka wa tano. Tatu, gawanya yadi kwa rauti alizokimbia, si kwa mechi, maana yupo anayekosa nusu ya msimu kwa majeraha na bado kila akiingia ni moto.

Ila fungu peke yake nalo linadanganya. Chuo cha LSU mwaka 2019 Justin Jefferson alikuwa na mipira 111 na yadi 1,540 na bado hakuwa wa kwanza kwa yadi kwenye timu yake, Ja'Marr Chase alimpita. Watu wakasema Jefferson ni wa sloti tu, ile nafasi ya ndani, nje pembeni hawezi. Drafti ya 2020 Eagles wakiwa namba 21 wakamchukua Jalen Reagor, Vikings namba 22 wakamchukua Jefferson, akapiga yadi 1,400 mwaka wake wa kwanza. Fungu lilimficha pale, ila aliyeangalia mechi zile alikuwa anamwona Jefferson yuko wazi kila mara.

Ni mwembamba mno, si watamvunja?

DeVonta Smith alipimwa pauni 166, kama kilo 75, baada ya kuchukua Heisman (tuzo ya mchezaji bora wa vyuo) ya 2020 kwa yadi 1,856 na Alabama. Eagles wakamchukua wa 10 na leo ana pete ya Super Bowl, ubingwa wa NFL. Usiulize kilo, uliza hivi: kona akimkaba palepale kwenye mstari, mikono kifuani, anatoka? Vyuo vingi makona wanasimama mbali, risiva anaondoka bure misimu mitatu hajaguswa, siku akifika NFL anashikwa hatua ya kwanza na mchezo wote unaharibika maana kwotabeki, mrushaji mpira, hana muda wa kumsubiri.

Na kitu ambacho hamuulizi kabisa: uwanja wenyewe unabadilika. Chuoni zile alama mbili za katikati zinazoamua mpira uanzie wapi zimeachana futi 40, NFL ni futi 18 na inchi 6, kwa hiyo ule upande mpana wa uwanja ambao kijana wako alikuwa anaula chuoni haupo tena. Halafu chuoni unadaka na mguu mmoja ndani inatosha, NFL ni miwili. Rudia mipira yake ya pembeni uhesabu miguu.

Mdogo wangu yuko Nairobi, anacheza raga, ana mbio balaa. Anaweza kuwa risiva?

Dada, nitakwambia ukweli. Ile programu ya NFL ya wachezaji wa nje ipo na imetoa watu, ila angalia ni akina nani. Jordan Mailata alitoka kwenye raga Australia akawa nguzo ya Eagles, lakini yeye anacheza laini, wale wakubwa wanaomlinda kwotabeki. Louis Rees-Zammit, winga wa Wales mwenye mbio kweli, alijaribu 2024 na Chiefs kisha Jaguars, hakucheza hata mechi moja ya msimu, akarudi kwenye raga. Rauti na kumsoma kona ni vitu vya kujifunza tangu utotoni. Kama bado yuko shule, atafute njia ya high school au chuo Marekani. Na mtu yeyote akikuomba hela eti amwingize kambini, usitoe hata shilingi.

Nimbetie nani awe ruki (mchezaji wa mwaka wa kwanza) bora?

Usibeti. Hujui hata kwotabeki wake atakuwa nani mwezi wa kumi.

Wetu kaenda raundi ya 5. Ndo basi?

Si basi. Puka Nacua alikuwa wa 177 mwaka 2023, mwaka wake wa kwanza akadaka 105 kwa yadi 1,486, rekodi ya ruki wakati huo. Amon-Ra St. Brown wa 112, raundi ya 4. Lakini msiwafanye hawa kuwa kawaida, wapo wa raundi ya 5 wanaokatwa kabla ya Septemba. Wa raundi ya kwanza akiangusha mipira anapewa mwaka mwingine, wa 5 anapewa wiki.

Chuoni, Chase au Jefferson?

Chase. Fainali ya ubingwa Januari 2020 dhidi ya Clemson, miaka 19, mbele yake kona A.J. Terrell ambaye Falcons walimchukua wa 16 miezi mitatu baadaye: mipira 9, yadi 221, tachidauni 2.