Jibu: Tamasha la panki (muziki wa roki wa kasi na kelele) kuchangia tangi la maji, Ngarenaro, Arusha
Mkuu, umeuliza kiingilio kiwe kiasi gani ili mpate tangi la lita 5,000 bila tamasha lenyewe kula hela. Anzeni na matumizi. Tuseme kukodi muziki na jenereta ni 240,000: kwa kiingilio cha 3,000, watu 80 wa kwanza wanalipia mitambo tu, tangi linaanza kwa mtu wa 81. Kwa hiyo bendi zipige bure na ukumbi muuombe. Fugazi, bendi ya panki ya Washington, Marekani, walijulikana kwa kiingilio cha dola 5 kwa sababu walibana matumizi, na hilo ndilo la kuiga.

Kibali cha afisa utamaduni wa jiji kifuatilieni mapema. Aprili iacheni, masika yatalowesha mitambo.

Jenereta la muziki lisiunganishwe na friji la soda: friji likiwaka volti zinashuka, mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) inazima katikati ya wimbo. Spika kubwa zikae mbele ya maiki, zikiwa nyuma zitapiga miluzi.

Mlangoni wakae wawili, tiketi ziwe na namba. Hela zihesabiwe usiku uleule mbele ya mwenyekiti wa mtaa, maana uvumi kwamba zimeliwa huanza kabla jenereta halijapoa.