LSU 2019: kwa nini bado tunaitaja

Ndugu, umeuliza kwa nini kila tukizungumzia misimu bora ya futiboli ya vyuo Marekani (ile ya mpira wa umbo la yai) lazima LSU, timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, ya 2019 itajwe. Michezo 15, ushindi 15, na njiani waliwafunga timu ya chuo cha Alabama 46–41 kwao Tuscaloosa. Fainali ya kitaifa wakawapiga chuo cha Clemson 42–25, timu iliyokuwa haijapoteza mechi 29 mfululizo!

Lakini mimi nilishawishika mapema, Septemba kule Texas, dhidi ya timu ya Chuo Kikuu cha Texas. LSU wanaongoza 37–31, dakika chache zimebaki, jaribio la tatu kati ya manne na bado yadi 17 ili waendelee kushika mpira. Timu nyingi hapo zingecheza kwa kujilinda. Joe Burrow, mtupaji pasi wao (quarterback), akasogea mbele huku mabeki wanamjia, akamtupia mpokeaji Justin Jefferson katikati, naye akakimbia hadi mwisho: yadi 61. Mechi ikaisha 45–38.

Msimu mzima Burrow alitupa pasi 60 za tachidauni (yaani za kufunga pointi sita). Alipopokea Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, akawataja kwa machozi watoto wa kwao Athens, Ohio, wanaorudi nyumbani kukiwa hakuna chakula cha kutosha mezani. Watu wakachanga mamia ya maelfu ya dola kwa ajili yao.