VirtualBox inagoma kwenye Ubuntu: kabla hujafuta chochote, iulize kerneli

SWALI: Habari fundi. Nimenunua kompyuta mpakato iliyotumika pale Kariakoo, RAM GB 8, ina Ubuntu 24.04. Nataka Windows ndani ya VirtualBox kwa ajili ya programu ya hesabu za duka. Nikibonyeza Start naletewa "Kernel driver not installed (rc=-1908)". Kijana mmoja kaniambia nifute vyote nianze upya, na bando lenyewe la kubana. Nifanyeje? – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam.

JIBU: Usifute kitu, bando lako litaenda bure na kosa utalikuta palepale. VirtualBox, programu ya kuendesha mfumo mwingine ndani ya Ubuntu, hupachika kipande kiitwacho vboxdrv ndani ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi), na hicho ndicho hakijaingia. Windows haihusiki kabisa. Fungua terminali uandike:

sudo modprobe vboxdrv

Amri ikinyamaza, kipande kimeingia. Kajaribu Start tena. Ikisema "Module vboxdrv not found", hakijajengwa kwa kerneli unayotumia. Hujengwa hapohapo kwenye mashine yako na DKMS, zana ya kujenga vipande vya kerneli, nayo haiwezi kazi bila faili za headers (maelezo ya kujengea) za kerneli hiyohiyo:

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-$(uname -r) virtualbox-dkms

Hapo nimechukulia kwamba VirtualBox uliitoa kwenye hazina ya Ubuntu. Kama ulipakua ya Oracle, badala ya virtualbox-dkms weka build-essential, kisha endesha sudo /sbin/vboxconfig. Usichanganye hizo mbili. Tena headers ulizoweka ni za kerneli ya leo tu. Sasisho likileta kerneli mpya bila headers zake, kosa litarudi. Ikiwa uname -r (amri inayotaja toleo la kerneli) inaanza na 6.8, ongeza linux-headers-generic. Ikiwa ni namba ya juu zaidi, ongeza linux-headers-generic-hwe-24.04, nazo zitakuwa zinafuatana na kerneli.

Jibu la modprobe likiwa "Key was rejected by service", kujenga upya mara kumi hakutasaidia. Kipande kipo, ila Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaokagua saini za programu za kuwashia, inakikataa kwa kuwa haiutambui ufunguo uliokisaini. Hakikisha kwa mokutil --sb-state. Ikisema "enabled", usajili ufunguo:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Utaombwa nenosiri la kutunga mwenyewe. Tumia herufi ndogo na namba tu, maana utaliandika tena mahali ambapo mpangilio wa kibodi huwa wa Kimarekani. Washa upya kompyuta na usiondoke: itatokea skrini ya bluu inayokusubiri sekunde 10 tu. Bonyeza kitufe chochote, chagua "Enroll MOK", "Continue", "Yes", weka nenosiri, kisha "Reboot". Wengi hukwama hapa. Wanakwenda kuchota maji, wakirudi Ubuntu imeshawaka na ufunguo haukusajiliwa. Likikupata hilo, rudia amri ya mokutil.

Njia ya mkato ni kuzima Secure Boot kwenye baiosi (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka). Inafanya kazi, ila mimi naona kusajili ufunguo ni bora, hasa kama diski ina Windows nyingine yenye BitLocker, kufuli la diski: ukizima Secure Boot, Windows hiyo inaweza kukudai ufunguo wa kurejesha ambao aliyekuuzia mashine hakukupa.

Kosa likibadilika, umesogea. "VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED" ni VT-x, uwezo wa prosesa ya Intel wa kuendesha mashine pepe, iliyozimwa kwenye baiosi: ingia kwa F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP au F1 kwenye ThinkPad, uiwashe. "VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE" ni KVM, mfumo wa mashine pepe wa kerneli yenyewe, iliyowahi kuishika prosesa, na hutokea kwenye kerneli 6.12 kuendelea. Kwa prosesa ya Intel, sudo modprobe -r kvm_intel huiondoa mpaka utakapowasha upya. Kuiondoa moja kwa moja, ongeza kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, kisha sudo update-grub.

Kwa GB 8 zako, ipe Windows 10 MB 4096 na prosesa 2, usizidishe; Ubuntu nayo inataka kupumua. Betri ya mashine iliyotumika haiaminiki umeme ukikatika, kwa hiyo ukimaliza hesabu funga kwa "Save the machine state".