Mafundi Wanajibu: Kioo cha Kishikwambi

SWALI: Kishikwambi cha wanangu kimedondoka sakafuni. Kioo kimepasuka, picha inaonekana vizuri, ila upande wa kushoto ukigusa hakiitiki. Fundi mmoja pale Makoroboi, Mwanza, kaniambia nibadilishe tachi tu, mwingine anasema lazima kioo chote. Nimsikilize yupi?
Mama wa wawili, Nyegezi

JIBU: Inategemea kishikwambi chenyewe, mama. Juu kuna kioo cha tachi, ndicho kinachopokea kidole. Chini yake kuna LCD inayotoa picha. Kwenye vishikwambi vingi vya bei nafuu, na hata iPad ya kizazi cha 9 ya mwaka 2021, viwili hivyo vimetengana, hivyo tachi hubadilishwa peke yake. Kwenye iPad Air, kuanzia Air 2 ya mwaka 2014, vimegandishwa pamoja, na hapo utanunua vyote. Kitazame kwa ubavu kikiwa kimewaka. Kama picha imezama chini ya kioo, na ukigonga kwa kucha unasikia uwazi, vimetengana. Kwa kuwa chako hakina mistari wala doa jeusi linalosambaa kama wino, LCD ni nzima.

Pesa nyingi hupotea kwenye kununua kipuri. Usiagize “tachi ya inchi 7”, maana ziko chungu nzima na hazioani. Kishikwambi kifunguliwe kwanza, isomwe namba iliyochapwa kwenye fleksi ya tachi (utepe mwembamba unaoiunganisha na bodi), zihesabiwe pini, na ipigwe picha kuonyesha fleksi inatokea upande gani. Picha hiyo ndiyo itumwe Kariakoo kama mzigo unatoka Dar kwa basi. Kwa Samsung, chukua namba ya modeli iliyoandikwa mgongoni. Toleo la laini ya simu na lile la Wi-Fi tupu yanaweza kutofautiana kwa tundu la spika ya sikioni, na kioo cha moja kikawekwa kwenye jingine kikaacha tundu bila kazi au spika bila tundu.

Kazi yenyewe: kingo zipashwe moto taratibu, nyuzi 70 hadi 80 zinatosha, kisha kadi nyembamba ya plastiki ipite pembeni bila kuzama ndani, kwa sababu ikizama inakata fleksi au inavunja LCD iliyokuwa nzima. Betri ichomolewe kabla ya kugusa fleksi yoyote; wanaoruka hatua hii ndio wanaounguza taa inayoangaza LCD kwa nyuma, halafu wanakwambia LCD nayo imekufa. Kama ni iPad yenye kitufe cha alama ya kidole, kitufe cha zamani kihamishiwe kwenye kioo kipya, kwani kimefungamana na bodi yake na kingine hakitasoma kidole.

Tachi mpya ijaribiwe kabla ya gundi. Shika aikoni moja, iburute polepole kona hadi kona. Ikidondoka mahali, hapo pana ufa au pini haijakaa. Gundi ya zamani isafishwe kwa spiriti, mpya (B-7000 inafaa) ipakwe uzi mwembamba, kibanwe kwa mipira na kiachwe saa 24. Ukikabidhiwa baada ya nusu saa, tegemea kona kuinuka. Na vumbi: mchana upepo wa ziwani unapovuma, kazi hii haifanyiki barazani. Chembe moja ikiingia kati ya tachi na LCD utaitazama kila siku.

SWALI: Kishikwambi nilichopewa shuleni kimepasuka kioo. Naweza kukipeleka kwa fundi wa mtaani kwa pesa yangu?
Mwalimu, Ilemela

JIBU: Usikifungue, mwalimu. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 na kisha kugawiwa walimu ni mali ya serikali. Toa taarifa kwa maandishi kwa mkuu wako wa shule kwanza, ubaki na nakala. Wakati unasubiri, bandika selotepu pana juu ya nyufa ili vipande visidondoke wala kukukata.

SWALI: Nimebadilisha tachi Mwanza, sasa inajigusa yenyewe, hasa nikichaji. Hesabu zangu zote za dagaa zimo humo.
Mfanyabiashara, Nansio

JIBU: Kabla ya kulipa nauli ya meli, ndugu, chomoa chaja. Ikitulia, tatizo ni chaja. Zile za bei ya chee hutoa umeme usiotulia na tachi inauchukulia kama kidole. Jaribu ya mwenzako iliyo nzuri. Ikiendelea hata bila chaja, fleksi imekunjwa vibaya au gundi imerundikana upande mmoja ikibana kioo. Angalia pia kama kioo kimeinuka katikati: hiyo ni betri iliyovimba. Kizime, usikichaji tena, na betri ibadilishwe kwanza, la sivyo itapasua na kioo kipya.

Kama betri haijavimba, okoa hesabu leo. Nunua adapta ndogo ya OTG (ya kuunganisha vifaa vya USB kwenye tundu la chaji), pachika kipanya cha kompyuta, mshale utatokea kwenye skrini. Nakili mafaili kwenye memori kadi. Kipanya kikishindwa kushindana na miguso ya bandia, fundi aichomoe fleksi ya tachi, ubaki na kipanya peke yake. Ukikirudisha Mwanza, nenda na chaja unayoitumia nyumbani na risiti yako, na kijaribiwe mbele yako kikiwa kwenye umeme.