Jibu: Metoli haiyeyuki kwenye D-76

Ndugu, umesema ulipochanganya D-76, dawa ya kusafishia filamu za picha nyeusi na nyeupe, ulianza na salfaiti (kemikali inayokinga dawa isiharibiwe na hewa), na sasa metoli (kemikali inayoitoa picha kwenye filamu) inaelea kama ukoko mweupe. Tatizo ndilo hilo hasa: metoli haiyeyuki kwenye maji yaliyojaa salfaiti. Anza upya.

Pasha maji mililita 750 hadi nyuzi 50. Tia salfaiti kidogo tu, kiasi cha ncha ya kisu, ili metoli isiharibiwe na hewa. Kisha metoli gramu 2, koroga taratibu hadi maji yawe maangavu kabisa. Ndipo umimine salfaiti iliyobaki (jumla gramu 100), haidrokwinoni (kemikali ya pili ya kuitoa picha) gramu 5, boraksi gramu 2, kila kimoja kiyeyuke kwanza. Ongeza maji yafike lita 1. Tafadhali soma lebo: salfaiti, si salfeti! Na gramu 2 zinataka mizani ya kusoma sehemu za gramu; ya jikoni itakudanganya.

Iache ipoe usiku kucha. Chupa iliyojaa hadi shingoni hukaa miezi 6. Ikifika nusu, miezi 2. Ikigeuka kahawia, mwaga.

Umeuliza pia kuhusu Rodinal, dawa nyingine ya kusafishia filamu: inakaa miaka, lakini chembe za picha kwenye filamu yako ya HP5 Plus zitaonekana wazi. Kwa nyuso za watu ningebaki na D-76, dawa yenyewe bila kuongeza maji, filamu ikae humo dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Maji ya bomba yakiwa na joto, tumbukiza chupa ya dawa kwenye beseni la barafu kwanza hadi ifike nyuzi hizo.